Kazi ya mikono na wenzako si kupoteza wakati

Na DAKTARI WETU

MKAZI wa Eastlands akionekana ameketi akifuma, akitunga shanga au akifinyanga kitu, swali la kwanza analoulizwa na jirani ni moja tu: "Hiyo itakuletea pesa ngapi?" Asipokuwa na jibu, huonekana mvivu, au mtu aliyeshiba akakosa la kufanya. Kwa maoni yangu, mimi nikiwa daktari wa kawaida katika mitaa hii, swali hilo linatudhuru kiafya, na wakati umefika tuliache.

Nayasema haya baada ya kuhudhuria kambi ya siku mbili ya watu wanaopenda kufinyanga udongo wa polima. Tulikuwa watu 14, wengi wetu kutoka Buruburu, Umoja na Donholm, na wawili kutoka Kayole. Tulichanga pesa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, tukakodi nyumba huko Limuru. Miongoni mwetu alikuwemo mwalimu mstaafu, karani, mama anayeuza mitumba Gikomba, fundi wa stima na kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa msanii wa kulipwa. Tulikaa kwenye meza moja ndefu kuanzia asubuhi hadi jioni tukitengeneza vipuli, vifungo, vikombe vidogo vya kuchezea watoto na maua ya kubandika kwenye fremu za picha.

Niliporudi kazini, rafiki yangu mmoja aliniuliza kama siku hizi madaktari wamekosa wagonjwa. Makala haya ni jibu langu kwake na kwa wengine wenye mawazo kama yake.

Udongo wa polima ni nini?

Licha ya jina lake, huu si udongo wa mtoni ambao mama zetu waliufinyanga vyungu na mitungi. Ni unga wa plastiki ya aina ya PVC uliochanganywa na mafuta ya kuulainisha pamoja na rangi. Huletwa kutoka ng'ambo katika vipande vidogo, na majina yanayojulikana zaidi ni Fimo ya Ujerumani na Sculpey ya Marekani. Hubaki laini hadi utiwe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 110 hadi 130 hivi kwa muda wa nusu saa, kulingana na maagizo ya aliyeutengeneza. Baada ya hapo huwa mgumu. Hauhitaji joko kubwa kama vyungu vya kawaida, na hiyo ndiyo sababu watu wanaoishi katika nyumba ndogo za mjini wameupenda.

Lakini msomaji asidhani kwamba nauza udongo huu. Ninayoyasema yanahusu pia kufuma vitambaa, kusuka viondo, kutunga shanga, kuchonga mbao na kushona. Jambo muhimu ni mikono inayofanya kazi taratibu, na watu wengine wakiwa karibu nawe.

Ninayoyaona kliniki

Kila wiki huja wagonjwa wenye malalamiko yanayofanana. Kichwa kinauma tangu mwezi uliopita. Usingizi haupatikani. Moyo unadunda ghafla mtu akiwa ndani ya matatu. Mgongo na shingo vimekaza. Wengi wao tayari wamepimwa malaria na taifodi katika vituo viwili au vitatu, na wamekunywa dawa ambazo hazikusaidia. Baadhi huwa na shinikizo la damu bila kujua. Si ajabu, kwani utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana shinikizo la juu la damu.

Baada ya kumpima mgonjwa na kumpa matibabu anayostahili, huwa namuuliza: "Ni lini mara ya mwisho ulifanya jambo kwa kulipenda tu, ukiwa na watu unaowapenda?" Wengi hunyamaza. Wengine hucheka, wakidhani daktari anafanya mzaha.

Kuna watakaosema kwamba watu wa Eastlands hawawezi kuwa wapweke, kwa sababu tunaishi tumebanana. Ni kweli kwamba tumebanana. Hata hivyo, mtu anaweza kuishi katika ploti yenye nyumba 40 na asiwe na hata mmoja wa kumweleza yaliyo moyoni. Tuna vyama vya kuchangiana, lakini mikutano yake ni ya hesabu, na aliyechelewesha mchango huogopa kufika. Tuna makanisa na misikiti, lakini mara nyingi tunakutana huko kwa majukumu, na mara nyingine kwa matanga. Hayo yote ni mema. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtu hadaiwi chochote.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Hii ina maana ya vifo 100 hivi kila saa. Upweke huenda pamoja na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari na mfadhaiko. Kwa hivyo hili si jambo la matajiri wa ng'ambo peke yao.

Ushahidi uliopo

Je, kufinyanga kunasaidia kweli? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwachukua watu wazima 39 na kuwapa kalamu za rangi, karatasi za kubandika na udongo wa kufinyanga. Baada ya dakika 45 tu, watu 3 kati ya kila 4 walikuwa na kiwango kidogo zaidi cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa msongo wa mawazo. Aliyejua sanaa na asiyeijua walinufaika sawasawa. Huo ni utafiti mdogo, na peke yake hautoshi. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, lilichapisha ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, na mkondo wake ulikuwa huo huo: sanaa husaidia kuzuia maradhi na kuwategemeza walio wagonjwa. Nchini Uingereza madaktari huweza kumtuma mgonjwa kwa mhudumu anayemuunganisha na kikundi cha bustani, cha kuimba au cha kazi za mikono, sambamba na matibabu ya kawaida.

Mfano unaonigusa zaidi hautoki Ulaya. Uko Mbare, mtaa wa Harare, Zimbabwe, unaofanana sana na mitaa yetu ya zamani. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafunza kina nyanya wa mtaa huo kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua shida zao moja baada ya nyingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, watu 14 hivi kati ya kila 100 waliohudumiwa na kina nyanya hao ndio waliobaki na dalili za mfadhaiko, ilhali miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50 kati ya kila 100.

Tiba kuu hapo ilikuwa mazungumzo. Lakini wanaomaliza mazungumzo hayo huendelea kukutana katika vikundi, na humo hufuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha tumika huku wakizungumza. Waliobuni mpango huo walielewa jambo ambalo nililiona mwenyewe kule Limuru. Mtu akikodolewa macho na kuambiwa aeleze matatizo yake, hufunga mdomo. Mpe kitu cha kushughulisha vidole, macho yake yakiwa mezani, naye ataeleza bila kulazimishwa. Siku ya pili alasiri, mzee mmoja aliyekuwa akibingirisha shanga alianza kusimulia habari za marehemu mkewe. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mama aliyeketi kando yake alisema, "Pole, Mwalimu," akamsogezea kikombe cha chai, na kazi ikaendelea. Kwa miaka yote niliyomtibu mzee huyo shinikizo la damu, sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mkewe.

Na pesa je?

Siwezi kuwaambia watu wa Kayole au Dandora wapuuze pesa. Kodi ya nyumba haingoji mtu apumzike. Isitoshe, kazi ya mikono imewainua wengi. Kiwanda cha shanga cha Kazuri huko Karen kilianzishwa na Lady Susan Wood mwaka 1975 akiwa na kina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, kikakua hadi kuajiri mamia ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Na hapa kwetu Eastlands, soko la Kariokor linajulikana kwa viondo, shanga na viatu vya ngozi.

Shida huja pale tunapotaka kila kitu kiwe biashara siku ya kwanza. Nimeona kikundi cha kufuma kikivunjika katika muda wa miezi mitatu kwa sababu ya ugomvi wa nani aliuza kwa bei gani. Kilichoanza kama mapumziko kikawa kazi ya pili, yenye deni na lawama. Rai yangu ni kwamba kikundi kijiwekee siku ambayo hakuna kinachouzwa wala kuhesabiwa. Anayetaka kuuza vipuli vyake na auze siku nyingine. Mfanyakazi huhitaji siku ya kupumzika hata kama anaipenda kazi yake.

Aidha, si lazima mtu aende Limuru. Tulikwenda kwa sababu tulitaka kuepuka simu na wageni, lakini meza moja katika mtaa wako inatosha. Udongo wa polima ukikushinda bei, uzi na sindano hupatikana kwa bei nafuu.

Tahadhari

Nikiwa daktari sitasifu jambo bila kueleza hatari zake. Anayetumia udongo wa polima na azingatie haya:

Kwanza, usiuchome. Oveni nyingi za nyumbani hazina kipimo sahihi cha joto, kwa hivyo nunua kipimajoto cha oveni. Joto likizidi sana, plastiki ya PVC huanza kuungua na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo huwasha macho, koo na kifua. Mwenye pumu anaweza kuzidiwa. Ukiona moshi, zima oveni, fungua madirisha na mtoke nje nyote.

Pili, usijaribu kuukausha juu ya jiko la makaa ndani ya nyumba. Joto la makaa haliwezi kudhibitiwa, na jiko hilo katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Tatu, usioke udongo pamoja na chakula, na sufuria, kisu au kibao ulichokitumia kisirudi jikoni. Vikombe na sahani za udongo huu ni za mapambo tu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Baadhi ya kemikali za kulainisha plastiki, ziitwazo thaleti, zilipigwa marufuku katika vitu vya watoto nchini Marekani mwaka 2008, kwa hivyo soma pakiti na uchague udongo usio nazo.

Nne, simama na kunyoosha mikono kila baada ya nusu saa. Ukisikia ganzi ya vidole usiku, pumzika, na isipoisha nenda ukapimwe. Aliyepita umri wa miaka 40 na anayeona shanga kwa shida pengine anahitaji miwani ya kusomea.

Jambo la mwisho ni zito kuliko hayo yote. Kufinyanga hakuchukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu wala za kisukari. Na mtu ambaye kwa majuma mawili au zaidi hana furaha, halali, hali, au anawaza kujiua, asiambiwe aende akafinyange. Apelekwe hospitali mara moja, na asiachwe peke yake.

Kumbi tunazo

Waliojenga mitaa yetu ya zamani walilijua hitaji hili. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipewa ukumbi wa kijamii karibu na nyumba. Bahati na Pumwani pia ina kumbi zake. Kumbi hizi ni mali ya umma, na Kaunti ya Nairobi, iliyochukua nafasi ya Baraza la Jiji mwaka 2013, ina wajibu wa kuzitunza. Ningependa kila ukumbi utengewe alasiri moja kwa juma kwa kazi za mikono bila malipo, kuwe na meza, viti, taa na maji ya kunawa. Kliniki iliyo jirani ilete mashine ya kupima shinikizo la damu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumlaza mgonjwa mmoja wa kiharusi.

Wanaume nao waje. Kule Limuru tulikuwa wanne tu kati ya 14, ilhali wanaume ndio wanaochelewa zaidi kuja kliniki.

Lakini msingoje kaunti. Jumamosi hii waite majirani wawili au watatu, muweke meza mahali penye mwanga na hewa, kila mmoja alete alichonacho. Na mtu akipita akiuliza bei, mkaribisheni aketi.