Kilichoiweka Doom hai si kumbukumbu za ujana

Kampuni za gemu zimerudi kwenye majina ya miaka ya 1990 kwa kishindo. Doom ilifufuliwa mwaka 2016, ikafuatwa na Doom Eternal mwaka 2020 na Doom: The Dark Ages mwezi Mei 2025. Quake ya mwaka 1996 iling'arishwa na kuuzwa upya mwaka 2021, na miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Quake II. System Shock ya mwaka 1994 ilijengwa upya kuanzia msingi ikatoka 2023. Kando ya hizo zipo gemu mpya kabisa ambazo watengenezaji wake wamezipa sura ya kale kwa makusudi, kama Dusk ya 2018 na Ion Fury ya 2019. Maelezo yanayotolewa kuhusu wimbi hili ni mepesi mno: waliokuwa vijana wakati ule leo wana mishahara, wanautamani ujana wao, na wafanyabiashara wanawauzia. Ukweli kidogo umo, lakini maelezo hayo yanaficha jambo lenye uzito zaidi. Gemu zilizo bora kati ya hizi hazikuhitaji kufufuliwa, kwa kuwa hazikuwahi kufa, na hazikufa kwa sababu waliozitengeneza walikubali ziwatoke mikononi. Naamini hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia kwa kila ufufuo unaotangazwa leo, na kwa kila gemu mpya inayouzwa kwa mamilioni.

Kwa msomaji asiyezijua, hizi ni gemu za kufyatua risasi ambazo mchezaji hamwoni mhusika wake. Anaona kile ambacho mhusika anakiona, huku mkono na bunduki vikijitokeza chini ya kioo. Kampuni ndogo ya id Software ya jimbo la Texas, Marekani, ilizipa umaarufu kwa Wolfenstein 3D mwaka 1992, kisha tarehe 10 Desemba 1993 ikatoa Doom. Itazame Doom kwa karibu, uone kwa nini bado inachezwa. Shetani wa rangi ya kahawia aliye mwisho wa ukumbi anarusha mpira wa moto. Mpira huo unakuja kwa mwendo unaoonekana, kiasi kwamba mchezaji anaweza kusogea kando, ukampita, akamkaribia adui na shotigani yake kabla hajarusha mwingine. Afya ikipungua hairudi yenyewe. Lazima utafute boksi la dawa lililoachwa sakafuni, pengine nyuma ya ukuta wa siri au mlango unaodai funguo nyekundu. Kinga yako ni miguu yako. Miaka kumi na miwili baadaye, Call of Duty 2 iliwazoesha wachezaji kinyume chake: ukijeruhiwa, jibanze nyuma ya ukuta, subiri, utapona. Doom ya 2016 iliikataa tabia hiyo kwa kumpa mchezaji afya pale anapommaliza adui kwa mikono. Gemu nyingine, Ultrakill, ikaenda mbali zaidi, kwani humo damu ya adui ndiyo dawa, na huipati ila umsogelee. Hayo ni mawazo ya ufundi, na mtu aliyezaliwa mwaka 2008 anaweza kuyafurahia bila kuwa na kumbukumbu yoyote ya mwaka 1993.

Hata hivyo ufundi mzuri peke yake haukutosha kuiokoa gemu yoyote. Kilichoiokoa Doom ni maamuzi yaliyofanywa na watengenezaji wake. Kwanza, sehemu yake ya mwanzo, yenye hatua tisa, iligawiwa bure, na kila mtu alihimizwa kunakili na kumpa mwenzake. Pili, John Carmack, mwandishi mkuu wa programu hiyo, alitenganisha injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, na mafaili ya ramani, picha na sauti, ili mchezaji aweze kuweka vitu vyake bila kuharibu vya asili. Watu wakaanza kuchora ramani zao mara moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwezi Desemba 1997 Carmack alitoa hadharani msimbo wa Doom, yaani maandishi ya kiprogramu yanayoiunda, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya leseni ya programu huria ya GPL. Kutoka hapo wapenzi wa gemu hiyo wakaihamishia kwenye kila mashine iliyowapitia mikononi, hadi kwenye vikokotoo vya wanafunzi. Mwaka 1998 kikundi kimoja cha wachezaji kilitengeneza Boom, toleo lililorekebisha kasoro na kuongeza uwezo wa kuchora ramani ngumu zaidi. Mwaka 2024, wenye mali walipotoa tena Doom na Doom II, waliingiza ndani yake uwezo wa kuendesha ramani za Boom. Kazi iliyofanywa bure na wapenzi imerudi kumnufaisha mwenye duka. Samuel Villarreal naye alianza kama mpenzi aliyeitengenezea Doom 64 njia ya kuchezwa kwenye kompyuta. Baadaye, akiwa na kampuni ya Nightdive, akashiriki kutengeneza toleo rasmi la gemu hiyohiyo lililotoka mwaka 2020. John Romero, mmoja wa waasisi wa id, hakuhitaji kampuni kubwa nyuma yake alipotoa Sigil, ramani mpya za Doom, mwaka 2019. Mwaka 2022 akachora ramani nyingine na kuiuza ili kuchangia watu wa Ukraine.

Upande wa pili wa shilingi ni The Operative: No One Lives Forever, gemu ya mwaka 2000 iliyotengenezwa na Monolith, yenye jasusi wa kike na vichekesho vya miaka ya 1960. Ilisifiwa sana ilipotoka. Leo huwezi kuinunua kihalali kwenye duka lolote la mtandaoni, kwa kuwa haki zake zimetapakaa kati ya kampuni kadhaa zilizonunuana na kuunganishwa, na hakuna iliyokuwa tayari kukaa chini kuutatua mkanganyiko huo. Nightdive walijaribu kuirudisha wakakwama. Monolith yenyewe ilifungwa mwezi Februari 2025. GoldenEye 007 ya mwaka 1997, iliyowafundisha watu wengi kushindana wanne kwenye televisheni moja, ilisubiri hadi Januari 2023 kurudi kwenye mashine za kisasa kwa sababu kama hizo, na kwenye Nintendo Switch ililetwa kwa wanaolipia usajili tu. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena. Nyingi kati ya hizo bila shaka zina watu wanaozikumbuka kwa mapenzi makubwa, na mapenzi hayo hayakuziokoa.

Tukiangalia gemu za risasi za siku hizi, hali inatisha zaidi. Sony ilitoa Concord tarehe 23 Agosti 2024, na tarehe 6 Septemba ikaizima. Walionunua walirudishiwa fedha, na hilo ni jema, lakini kazi ya miaka ya wasanii na waandishi wa programu ilitoweka kana kwamba haikuwahi kuwepo. Overwatch ya kwanza, iliyouzwa kwa mamilioni, ilizimiwa seva zake mwezi Oktoba 2022 ili kuipisha Overwatch 2, na aliyekuwa ameilipia hakuwa tena na njia ya kuicheza ile aliyoilipia. Bao la kete halizimwi na aliyelichonga. Maadamu kuna wawili wanaojua kusomba na kutakata, mchezo upo. Gemu ya mwaka 1993 imefanana na bao kwa jambo hilo kuliko gemu ya juzi. Jimbo la California limepitisha sheria inayoyataka maduka ya mtandaoni kumwambia mteja wazi kwamba anachonunua ni leseni, ambayo inaweza kuondolewa. Kumwambia mtu ukweli ni mwanzo mzuri, ila hakumrudishii kitu.

Yupo atakayesema kwamba tunakumbuka Doom na Quake kwa sababu zilikuwa bora, na kwamba tumesahau takataka zilizotoka pamoja nazo. Nakubaliana naye kwa sehemu. Miaka ile ilijaa nakala dhaifu za Doom, na jina la zamani halitoshi kubeba gemu mbaya: Duke Nukem Forever ilitangazwa mwaka 1997, ikatoka 2011, na ikawavunja moyo hata waliokuwa wakiisubiri kwa hamu kuliko wote. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono zaidi ya inavyonipinga. Kama ubora ndio ungekuwa mwokozi, No One Lives Forever ingekuwa dukani. Tena kuchuja kizuri na kibaya ni kazi inayohitaji muda, na muda haupatikani ikiwa gemu inafutwa kabla kizazi cha pili hakijaigusa. Kuna mambo yanayoonekana ya kijinga leo ambayo mtengenezaji wa mwaka 2040 atayaona kuwa ni lulu, mradi tu ayakute.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa kampuni zenyewe: msimbo ni mali, umegharimu fedha nyingi, na kuutoa ni kumpa mshindani silaha. Hapa ndipo ushahidi wa id Software unaposema kwa sauti. Walichokitoa ni msimbo wa injini. Ramani, picha na muziki vilibaki na hakimiliki, na ndiyo maana Doom na Quake zinaendelea kuuzwa mpaka leo, zaidi ya miaka ishirini tangu injini zao ziwe huria. Wala kuwaruhusu wachezaji kuchezea gemu hakukuifukarisha kampuni nyingine yoyote ninayoifahamu katika sekta hii. Kampuni ya Valve ilinunua leseni ya injini ya Quake, ikajenga juu yake gemu ya Half-Life mwaka 1998, na mwaka uliofuata wapenzi wawili, Minh Le na Jess Cliffe, wakaibadilisha Half-Life kuwa Counter-Strike. Valve iliwachukua na kuiuza kazi yao, na jina hilo limedumu hadi leo. Kampuni hujitetea pia kwamba gemu za sasa zimejaa vipande vilivyokodiwa kutoka kwa wengine, visivyoweza kutolewa. Ni kweli, na ilikuwa kweli hata wakati ule. Programu ya sauti ya Doom ilikuwa ya mtu mwingine, kwa hiyo msimbo uliotolewa ulikuwa wa toleo la Linux, bila kipande hicho. Wapenzi wakaandika chao. Msimbo wa Doom 3 ulipokaribia kutolewa mwaka 2011, sehemu ya vivuli iligusa hataza ya kampuni nyingine, na Carmack akaandika upya mistari hiyo ili kuikwepa. Penye nia, mwanasheria na mwandishi wa programu hupata njia.

Kuhusu damu na mauaji, sitaki kulipita swali hilo kana kwamba halina maana, hasa kwa mzazi. Doom iliwatia watu wasiwasi tangu siku zake za mwanzo. Ujerumani iliiweka kwenye orodha ya vitu visivyofaa kwa watoto mwaka 1994 na haikuiondoa hadi 2011. Mtoto mdogo hana sababu ya kuicheza. Lakini kuzuia umri ni jambo moja na kuacha kazi ya sanaa ipotee ni jambo jingine, kama vile hatuchomi filamu za vita kwa kuwa watoto hawapaswi kuziona.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Gemu kubwa za risasi za leo zimefikia ukubwa unaozidi gigabaiti 100, na kwa mtu anayenunua bando, ukubwa huo peke yake ni mlango uliofungwa. Doom iliingia kwenye flopi chache. Gemu ya aina hiyo, yenye injini huria, inakimbia vizuri kwenye kompyuta ya mtumba ambayo haiwezi hata kuifungua gemu ya mwaka huu, na msimbo wake ni darasa lisilo na ada kwa kijana anayetaka kujifunza jinsi kuta, mwanga na mwendo vinavyoundwa kwa hesabu. Vipaji vya kazi hii tunavyo: Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitengeneza Nairobi X, gemu ya risasi ambamo wavamizi kutoka anga za juu wanaishambulia Nairobi. Wanaokuja nyuma yake wanastahili kukuta msingi uliowekwa wazi, wasianze kutoka sufuri kila mara.

Ninachokidai si kwamba kila kampuni igawe mali yake siku ya kwanza. Gemu ikiwa bado inauzwa, iuzwe. Siku seva zinapozimwa, programu ya seva itolewe, ili wachezaji waendeshe zao. Na gemu ikikaa miaka bila kuuzwa, msimbo wa injini yake ufunguliwe. Kampeni ya Stop Killing Games iliyoanza mwaka 2024 inadai jambo la aina hii huko Ulaya, kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka, na kufikia Julai 2025 maombi yake kwa Umoja wa Ulaya yalikuwa yamepata saini zaidi ya milioni 1. Mfano wa hali ya kati nao upo. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Epic ilitangaza kuziondoa sokoni gemu zake za zamani za Unreal na kuzima seva zake, na wengi tukakasirika kwa haki. Lakini kundi la wapenzi linaloitwa OldUnreal lilikuwa tayari limepewa ruhusa ya kuendelea kuzirekebisha, na mwaka 2024 Epic ikakubali zipakuliwe bure kutoka maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Epic inaendelea kuuza Fortnite kama kawaida, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua Unreal Tournament ya mwaka 1999 leo jioni, akaifungulia seva nyumbani kwake na kuwaita rafiki zake.