TAFAKARI YA JUMAPILI: Lutu alipohama

Kama unatoka Nkwenda, Murongo si ugenini kwako. Unavuka mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Watu wa pande hizo mbili wanaoana na wanazikana. Lakini katika karatasi za biashara jirani yako wa ng'ambo yumo COMESA, wewe humo. Tanzania ilikuwamo, ikatoka mwaka 2000, ikabaki SADC.

Wapo watakaosema hayo ni ya serikali, Jumapili tusome Neno. Basi tusome Mwanzo 13. Wachungaji wa Ibrahimu na wa Lutu (wa mifugo, si wa kanisa, ingawa na hao wa kanisa tunawajua) waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha. Ibrahimu hakung'ang'ania. Alimwambia mpwa wake achague upande, naye angekwenda upande mwingine. Kutengana kwao hakukuitwa dhambi.

Naamini Tanzania nayo haikukosea kutoka. Uanachama wa jumuiya nyingi una gharama, na nchi ina haki ya kuchagua meza ya kukaa. Swali langu ni la siku inayofuata. Uganda haikuhama baada ya sisi kutoka. Leo maji ya Kagera yanaendesha mtambo wa Kikagati–Murongo wa megawati 14, na umeme wake unagawanywa baina ya nchi zote mbili.

Tulishawahi kutengana vibaya. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha mwaka 1984. Wakubwa walimaliza yao. Lakini wazee waliotumikia reli, bandari na posta za Jumuiya waliendelea kudai mafao yao hata baada ya Jumuiya mpya kuzaliwa. Wengine walizikwa wakidai. Hilo ndilo linaloniuma katika habari nzima: anayetoka huondoka na heshima yake, deni likabaki kwa mnyonge.

Sasa njoo kanisani kwako. Yule aliyehama kwaya akaenda dhehebu jingine, akifiwa unakwenda? Ndugu mliogawana shamba la migomba na kahawa, mwenzako akiugua unachangia nauli ya hospitali, au unasema si alitaka kujitegemea? Na wewe uliyehama, ule mchango wa ujenzi ulioahidi na zile fedha za kikundi ulizokopa, umelipa?

Katika Mwanzo 14 Lutu alitekwa. Ibrahimu alipopata habari alichukua watu 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuata watekaji hadi Dani, akamrudisha Lutu na mali yake na watu wake. Hatusomi popote kwamba alimdai Lutu arudi kwanza hemani kwake. Lutu alirudi Sodoma, na Ibrahimu akaendelea kumwombea mji huo.