Ndege Iko Wapi, na Ilikuwa Hapo Saa Ngapi?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo lililonitia aibu wakati wa likizo. Tulikwenda kiwanja cha ndege cha Entebbe kumpokea kaka yangu atokaye Dubai. Mimi ndiye niliyeshika simu, maana mna ramani ionyeshayo ndege zinavyokwenda, na kila mara nilimtangazia shangazi, "Sasa yuko juu ya Ethiopia." Mara ile picha ndogo ya ndege ikatoweka. Shangazi aliponiuliza nikasema, "Haionekani tena." Akaketi chini akalia, na watu wakatuzunguka. Baada ya muda mrefu kaka akatoka na sanduku lake, akauliza ni nani aliyefariki.

Tangu siku ile nimejifunza. Ndege hutangaza kwa redio mahali ilipo karibu mara mbili kila sekunde, lakini nani asikiaye? Wengi wa wasikiaji ni mashine ndogo zilizowekwa juu ya mapaa ya watu wapendao mambo haya, na hata ndege ikiwa juu sana hazisikii mbali zaidi ya kilomita 400 hivi. Penye nyika kubwa, ndege husema na hapana wa kuisikia. Tena ziko ramani ambazo huendelea kuichora kwa kukisia tu, na mtazamaji adhani ameiona.

Urefu nao una mambo yake. Mwenzangu bwenini aliapa kwamba ndege ilikuwa futi 5,000 juu ya ziwa. Sivyo. Namba ile hupimwa kwa uzito wa hewa, kana kwamba hewa ya usawa wa bahari ni milibari 1013 siku zote. Hewa ikiwa nzito zaidi, ndege huwa juu kuliko namba isemavyo. Na Entebbe yenyewe iko karibu futi 3,780 juu ya bahari! Basi ndege ile ilikuwa juu ya maji kwa futi elfu na kitu tu.

Msidhani haya ni mambo ya mabishano ya bwenini. Tarehe 1 Juni 1, 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka baharini na watu 228. Ilikuwa ikituma habari za mahali ilipo kila dakika 10. Ile ya mwisho ilikuwa sahihi kabisa, lakini kwa mwendo wa ndege dakika hizo ni zaidi ya kilomita 100, na watafutaji ilibidi wapige duara kubwa mno. Mabaki yalionekana Aprili 2011, kilomita 12 hivi tu kutoka mahali pale. Karibu miaka miwili jamaa zao walingoja.

Tangu Novemba 2018 kanuni ya kimataifa yataka ndege kubwa zijulikane zilipo juu ya bahari angalau kila dakika 15. Mimi naona ni muda mrefu mno, kwani katika dakika 15 ndege huenda kilomita 225.

Wengine husema heri ramani hizi zisiwepo. Sikubali. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka baada ya dakika sita, wakafa watu 157. Setilaiti zilikuwa zimesikia jinsi ilivyopanda na kushuka, na habari hizo zilisaidia Kanada kuzizuia ndege za namna ile siku tatu baadaye. Ninachotaka ni kwamba watengenezaji waandike wazi, kando ya kila ndege, saa iliposikika mara ya mwisho, na inapokisiwa waseme inakisiwa.

Kaka atasafiri tena Desemba. Shangazi amekwisha kusema kwamba simu yangu itabaki nyumbani.