Mtoto Anayeonewa Hasemi

Watoto wakigombania mpira leo na kesho yake wakacheza pamoja, huo si uonevu, wala haimpasi mzazi kukimbilia shuleni kwa jambo kama hilo. Uonevu una alama zake. Dan Olweus, mtaalamu mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi miaka mingi katika mji wa Bergen, Norway, alianza kuuchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alieleza ya kuwa uonevu ni tendo baya lifanywalo kwa kusudi, tena hurudiwa mara kwa mara, na mwenye kulitenda ana nguvu kuliko mwenye kutendewa. Nguvu hizo si lazima ziwe za mikono. Huenda zikawa za umri, au za wingi wa wenzake.

Katika shule za bweni za Kenya nguvu hizo mara nyingi ni za kutangulia kufika tu. Kwa miaka mingi mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa “mono”, na tangu siku aliposhusha sanduku lake la bati aliamriwa kufua nguo za wakubwa, kuwachotea maji na kuwapa sukari yake. Wako watu wazima waliopita njia hiyo ambao husema kwamba hayo ni malezi ya kumkomaza kijana. Maneno hayo hayana msingi. Kijana hukomazwa na kazi ambayo kila mtu huifanya kwa zamu. Anayefua shati la mwingine kwa kuogopa kipigo hungoja tu mwaka wake wa kuwaonea wengine.

Basi, mzazi atajuaje? Si kwa kuambiwa, kwani mtoto aliyeonewa huona haya, tena huogopa ya kuwa akisema mateso yatazidi. Yafaa kutazama. Sabuni ya muhula mzima imekwisha katika juma la kwanza, kufuli ya sanduku imevunjwa, daftari zimechanwa. Mtoto wa shule ya kutwa hurudi na njaa ingawa alipewa chakula, au huzunguka njia ndefu pasipo sababu. Tumbo humwuma kila Jumatatu asubuhi, na Jumamosi haliumi kamwe.

Hapo baba wengi husema, “Rudi ukampige nawe.” Shauri hilo ni baya. Mtoto huyo angekuwa na nguvu za kumpiga mwenzake, asingeonewa hapo kwanza. Ni afadhali kumwuliza kwa upole anakula na nani, na njiani hupita na nani, kisha kunyamaza na kusikiliza. Akisema, yaandikwe: siku, mahali, na jambo lililotendeka. Mwalimu aliyeletewa maandishi ya namna hiyo hawezi kujibu kwamba ni utundu wa watoto. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, yakataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa mwili au wa akili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Walakini dawa kubwa iko kwa watoto wanaotazama. Wachunguzi wa Canada waliwapiga picha za sinema watoto wa shule za Toronto wakiwa uwanjani, na mwaka 2001 wakatangaza waliyoyaona. Katika kila visa 100 vya uonevu, watoto wengine walikuwapo katika visa 88, lakini waliingilia kati katika visa 19 tu. Hata hivyo, walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma katika muda wa sekunde 10.

Kwa hiyo mtoto ambaye hajaonewa naye afundishwe. Asitumwe kupigana. Yatosha amwite yule mdogo kwa jina, “Njoo tukae huku,” waondoke pamoja, na wakiwa wawili itakuwa rahisi kwenda kumwambia mwalimu. Naye mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani na sweta isiyo yake, au fedha ambazo hakupewa, amwulize jioni hiyo hiyo zilikotoka, na kesho yake afuatane naye kuzirudisha.