Mgeni Njoo, Mtoto Apakue

Ndugu zangu tunaosema Kiswahili huku Marekani, Novemba ikishaingia mtaletewa kikaratasi. Hukaa chini kabisa ya begi la mtoto, kimekunjamana, kina picha ya bata mzinga, na kinasema kwamba siku moja kabla shule hazijafungwa kwa Sikukuu ya Shukrani darasa litakula pamoja mchana, wazazi mnakaribishwa. Nyumba nyingi hukipitia kwa jicho moja kikaishia juu ya friji. Mwenye mtoto katika darasa la elimu maalumu, nakuomba ukishushe ukisome tena, halafu uende.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika darasa la namna hiyo hapa Kentucky, na karamu hii naijua kwa upande wa jikoni. Wanafunzi wetu wengine wana usonji, wengine mtindio wa ubongo, na wapo ambao hawasemi kwa mdomo bali kwa kugusa picha kwenye tableti. Siagi ya siku hiyo hatununui. Tunamimina krimu nzito katika chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, chumvi kidogo, kifuniko kikazwe, kisha chupa inazunguka mkono kwa mkono. Mwenye vidole dhaifu anashikiwa kwa chini. Yule ambaye tangu asubuhi tunambembeleza atulie, saa hiyo tunambembeleza atikise zaidi. Baada ya dakika kadhaa mchapo wa krimu unapotea kabisa, chupa inakuwa bubu, na watoto wananitazama kama nimeiharibu. Endelea tu. Mara maji yanarudi kusikika, na donge la manjano linagonga ubavu wa chupa. Hapo kelele za watoto si za kusimulia.

Boga la pai nalo lina mwenyewe. Kuna mtoto wa kiti cha magurudumu asiyeweza kushika kisu wala kijiko. Tunamwekea kitufe kikubwa chekundu, upana wa kisahani cha chai, chenye waya unaoingia kwenye kisanduku, na kisanduku kikaunganishwa na blenda. Akikigandamiza kwa kiwiko, boga linasagika. Akiachia, blenda inanyamaza. Darasa zima linamsubiri yeye. Akiamua kuwachezea akili, awashe na kuzima, awashe na kuzima, hakuna wa kumwondoa pale, kwa sababu pai ni yake.

Nayaeleza haya kwa kirefu maana watu hudhani ni mchezo wa kujaza saa. Mtoto mwenye ulemavu hufundishwa kusema asante kutwa nzima: kavalishwa viatu, asante, kasukumwa hadi chooni, asante, kafunguliwa maziwa, asante. Sikukuu hii, ikiendeshwa na mwalimu mwenye akili, inampa zamu ya kushukuriwa. Anapika, anapanga sahani, anakaribisha. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Sasa mwenyeji ni mwanao, kavaa aproni inayomfika magotini, anatazama mlango. Mwaka uliopita viti vya wageni vilivyobaki vitupu vilikuwa vingi kuliko vilivyokaliwa, nasi wafanyakazi tukavikalia ili visionekane.

Najua kwa nini hamji. Zamu za ghalani na za kutunza wazee hazina huruma. Kiingereza cha shuleni kinatisha hata anayekimudu sokoni. Na kuna aibu, tuiseme tu. Wako wanaonong'ona kwamba mama wa mtoto kama huyu kuna kitu alifanya, au ukoo una deni, na maneno hayo yalipanda ndege pamoja nasi kutoka Kigoma, Bukavu na Mombasa. Mtoto aliyefichwa chumba cha nyuma kule, huku anafichwa kwa njia ya adabu zaidi: shuleni anapelekwa, ila hakuna anayeonekana naye.

Hiyo shule yenyewe haikutoka mbinguni. Sheria iliyowafungulia watoto hawa milango ya shule za umma nchi nzima ilitiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975, siku mbili tu baada ya Sikukuu ya Shukrani ya mwaka ule. Bunge la Marekani lilikuwa limekiri kwamba watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule hizo, na wengine wengi waliokuwa ndani hawakupata mafunzo yanayowafaa. Leo sheria hiyo, ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA, inahudumia watoto na vijana zaidi ya milioni 7.5, wa miaka 3 hadi 21. Ilipatikana kwa sababu wazazi, wengi wao watu wa kawaida tu, walikwenda mahakamani na kukataa kuambiwa kwamba mtoto wao hafundishiki.

Ndani yake mna haki ambayo wengi wetu hatuitumii. Kila mtoto huandikiwa mpango wake wa masomo, ule unaoitwa IEP, na mzazi ni mjumbe kamili wa kikao kinachouandika. Si mwalikwa wa kusaini mwisho. Shule ina wajibu wa kuhakikisha unaelewa yanayosemwa, na mkalimani wa Kiswahili akihitajika, gharama ni ya shule. Nakala ya mpango unapewa bure. Lakini nimeona mzazi akiingia kikaoni akiwa hajawahi kulikanyaga darasa, watu saba wanamkabili na makaratasi, anatikisa kichwa dakika arobaini, anasaini, anaondoka. Aliyekwisha kula boga la mwanawe mezani kwetu huja na maswali. Kwa nini tableti yake haendi nayo nyumbani? Mbona mlimpa kitufe upande wa kulia, naye mkono wake wenye nguvu ni wa kushoto? Swali hilo la pili aliliuliza bibi mmoja kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri, na kitufe kikahamishwa siku ileile.

Ukija, usitarajie picha za kuwatumia ndugu. Kwa mtoto mwenye usonji, chumba chenye harufu ya nyama, wageni ishirini na vicheko ni mateso. Huenda mwanao akakaa kwenye kona tulivu na vifunika masikio, akala mkate mkavu tu. Mwache. Usimshike mkono umlazimishe amwamkie kila mtu, wala usimdai aseme mbele ya watu anachoshukuru. Mwaka mmoja tulipopitisha ubao wa picha, kijana mmoja aliruka picha ya mama, ya mwalimu na ya chakula, akagusa basi la manjano. Tukaandika: basi. Dereva alipoonyeshwa karatasi ile aliomba aichukue.

Na kama utaona watoto wamevishwa kofia za manyoya za karatasi, una ruhusa ya kumuuliza mwalimu kwa upole. Watu wa kabila la Wampanoag, waliokula na wahamiaji wa Kiingereza pale Plymouth mwaka 1621, bado wapo. Tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika mji huohuo siku hiyohiyo kuomboleza yaliyowafika. Sisi tunaojua uchungu wa kuhama na kuhamishwa hatuna haja ya kuwageuza kuwa vazi la kuchezea. Shukrani zinatosha bila kofia.

Kuhusu chakula, ulizeni kwanza. Shule nyingine hupokea tu vya dukani vyenye orodha ya viungo, na mandazi yenu mazuri yatabaki garini. Sombe yenye karanga isivuke mlango hata kidogo, na nazi itajeni, kwa kuwa wapo wanaoiweka kundi moja na korosho. Waislamu, semeni mapema kama mnataka kujua nyama imechinjwaje. Mwalimu mwema hachukii, atawawekea samaki au mboga. Na hili nalisisitiza kuliko yote: usimlishe mtoto asiye wako, hata kipande cha mkate. Wapo ambao maji yao huongezwa uzito na chakula chao husagwa kwa agizo la mtaalamu, kwa sababu tonge la kawaida linaweza kuwapalia.

Msio na mtoto katika madarasa haya, wito unawahusu vilevile. Mwenzako kazini ana mtoto wetu? Mbadilishie zamu ile ya mchana. Una gari, mpitie. Kiingereza chako kimenyooka, kaa pembeni yake. Wachungaji na maimamu, tunawaomba dakika moja ya matangazo mwanzoni mwa Novemba, na sentensi moja ya kuzima ile minong'ono. Ikitoka kwenu inasikika. Akina baba, nanyi. Mezani kwetu huja mama, huja shangazi, huja dada mkubwa aliyeomba ruhusa kazini. Baba akitokea, watoto hata wasio wake humzunguka.

Fanyeni hivi wiki ya kwanza ya Novemba. Mwandikieni mwalimu, hata kwa Kiswahili kwenye simu, kwamba mtakuja na mko wangapi. Ulizeni kama mgeni anatakiwa kupekuliwa rekodi za polisi kwanza, maana wilaya nyingi za shule hudai hivyo na majibu yaweza kuchukua wiki kadhaa. Katika ujumbe huohuo ombeni mkalimani kwa kikao kijacho cha IEP. Zikipita siku saba kimya, pigeni simu ofisini mkamtake msimamizi wa elimu maalumu kwa jina lake.