Tetesi Hazijawahi Kumfunga Muuaji



Juzi nilikuwa kwenye basi, natoka chuoni Iringa naenda nyumbani Mbeya. Kiti cha nyuma yangu jamaa mmoja akaanza kusimulia kifo cha Chris Msando, yule mtaalamu wa kompyuta wa tume ya uchaguzi ya Kenya. Alisimulia kama vile alikuwepo: nani aliagiza, nani alilipwa, gari lilikuwa la rangi gani. Abiria wakamnogesha. Nikamuuliza, "Kaka, haya umeyatoa wapi?" Akacheka. "Dada, mbona kila mtu anajua?"

Kila mtu anajua! Darasani hiyo tunaiita ushahidi wa kuambiwa, na mahakamani haimfungi hata mwizi wa kuku.

Kinachojulikana ni hiki. Msando alisimamia mifumo ya kompyuta ya tume, ukiwemo wa kurusha matokeo. Alitoweka usiku wa Julai 28, 2017, siku 11 tu kabla ya uchaguzi. Mwili wake uliokotwa Muguga, nje ya Nairobi, na daktari wa serikali akasema alinyongwa. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, na mojawapo ya hoja ilikuwa tume kushindwa kutii amri ya kufungua seva zake. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo cha Msando.

Sasa tazameni tetesi zilifanya nini. Pamoja naye ulikutwa mwili wa binti wa umri kama wangu. Mitaa ikaacha kuuliza nani kaua, ikaanza kuuliza walikuwa wapenzi au la. Marehemu wawili wakageuzwa umbea, na familia mbili zikalazimika kujitetea wakati zinazika. Muuaji angetaka zawadi gani zaidi ya hiyo?

Siwalaumu wananchi peke yao. Dola ikikaa kimya, watu watajaza wenyewe. Lisemwalo lipo, wahenga walishasema. Ila wahenga hawakusema lisemwalo lote lipo.

Na hapo basi letu lilikuwa linapita Nyololo, Mufindi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia dirishani. Makamanda, Nyololo ni kwetu! Hapo ndipo Septemba 2, 2012 aliuawa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, polisi walipovamia shughuli ya chama cha upinzani. Maelezo ya kwanza ya polisi yakawa eti kuna kitu kilirushwa na wananchi. Wangefanikiwa kabisa, kama si picha. Waandishi wenzake walipiga picha zikamwonyesha Mwangosi amezingirwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Iringa ikamfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Haki kamili? Hapana. Askari wa chini ndiye aliyebeba mzigo, waliotoa amri wako wapi? Lakini hata hicho kipande cha haki kililetwa na picha na mashahidi waliosimama kizimbani. Hakikuletwa na "kila mtu anajua".

Tukafika Mbeya, na Mbeya ina kidonda chake. Mei 2, 2025 Mdude Nyagali alivamiwa usiku nyumbani kwake, akapigwa, akachukuliwa. Polisi walikana kumshikilia. Tangu hapo nimesikia kwa sauti za makamanda wenzangu kabisa kwamba ameshafia sehemu fulani, mara yuko hai sehemu nyingine. Wewe unayesema hivyo, umeona nini? Kama umeona, nenda kwa wakili ukaandike kiapo. Kama hujaona, nyamaza, ana mke na mtoto wanaokusikia.

Kelele zetu tuzielekeze panapostahili. Ibara ya 14 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Nchi hii ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ambayo inaruhusu kifo chenye utata kuchunguzwa mahakamani, mashahidi wakahojiwa. Si hisani hiyo, ni sheria tangu 1980. Mzee Ali Kibao alishushwa kwenye basi Septemba 2024, kesho yake akapatikana Ununio akiwa maiti. Rais akaagiza uchunguzi. Ripoti tumesomewa lini? Tunaambiwa tusizushe, sawa, basi tupeni ukweli! Huwezi kufungia watu chakula halafu ukawakemea kwa kula mizizi.

Kwa hiyo, makamanda, ukikutana na tukio, andika tarehe, saa, namba ya gari, majina ya walioona. Tunza picha, usiihariri. Mpelekee wakili kabla hujawapelekea washkaji. Na kila kiongozi akija kwenu kuomba kura, swali liwe moja tu: kesi ya kuchunguza kifo hiki inafunguliwa lini?

Jamaa wa kwenye basi alishuka Uyole bado anasimulia. Sisi tusiwe yeye.

Mapambano yanaendelea.