Kubisha Si Ujeuri

Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Sentensi hiyo nilikaririshwa shuleni, nikaijibia mitihani, na sina ugomvi na ukweli wake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi hushika zamu kuanzia Aprili, na safari ndefu za Uarabuni na India zilipangwa kwa majira hayo. Ugomvi wangu ni na picha inayobaki kichwani: baharia wa pwani kama jani, anasukumwa anakopelekwa, akifika anakaa kungoja upepo ugeuke.

Basi nijibiwe. Mvuvi aliyetoka alfajiri, upepo ukamgeukia saa nane mchana, angengoja miezi mitatu ndipo awafikishie wanawe kitoweo?

Hakungoja. Alibisha. Kwa Kiswahili cha bahari, kubisha ni kukiendesha chombo kuelekea kule unakotoka upepo. Hakuna tanga duniani linaloweza kuukabili upepo uso kwa uso, kwa hiyo nahodha hukata mshazari: upepo unampiga shavu la kulia, anapindua, unampiga la kushoto, hivyo hivyo hadi afike.

Na kupindua kwenyewe kuna namna mbili. Kupindua kwa goshini ni kuipitisha omo katikati ya upepo. Kupindua kwa damalini ni kugeukia upande wa pili, upepo upite tezini. Jahazi kubwa hufuata njia hii ya pili, na nimewasikia wapenzi wa mashua za kisasa wakiicheka: mbona anazunguka kote huko na kupoteza masafa aliyokwisha kuyapata?

Wanaocheka hawajautazama mlingoti. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, huning'inia upande mmoja wa mlingoti, na kamba zinazoushikilia hukazwa upande wa upepo. Ukiipitisha omo kwenye upepo, tanga zima hugandamizwa kinyume juu ya mlingoti, na kamba zile sasa ziko upande usiofaa. Upepo mkali ukilipiga hapo, mlingoti unaweza kuvunjika. Kwa hiyo nahodha anauweka upepo nyuma. Demani inalegezwa, tanga linapeperukia mbele ya omo, mabaharia wanaisimamisha foromali wima na kuivusha mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kisha demani inavutwa tena tezini na kukazwa. Masafa kidogo yamepotea, mlingoti umesalia. Huyo si mtu asiyejua kupindua. Amepima hasara mbili, akachagua iliyo ndogo.

Sasa tazama tulivyolifanya neno lenyewe. Leo mbishi ni mtoto asiye na adabu, mwanafunzi wa kutolewa nje ya darasa, kijana wa kunyamazishwa kikaoni. Halafu mdomo uleule unamdharau asiyebisha: bendera hufuata upepo. Tuamue. Bendera hufuata upepo mchana kutwa, na jioni utaikuta palepale ilipofungwa. Chombo ndicho kinachofika, na siku upepo unapokuwa wa mbele hufika kwa kubisha.

Sidai tuzime injini. Mwenye mashine afike mapema, samaki wasioze. Ninachodai ni kidogo. Kitabu kinachotaja kaskazi na kusi kitaje na bisho. Mwalimu anayefundisha neno "mbishi" afundishe na maana yake ya baharini. Na wazee wanaojua kuivusha foromali waulizwe wangali hai, maelezo yao yaandikwe kwa maneno yao: goshi, demani, tezi, omo. Tukiyaacha yazikwe nao, tutabaki na historia ambayo upepo ndio uliofanya kila kitu, nasi tulikuwa abiria tu.

Atakayeniambia kwamba hilo ni jambo dogo, nitambishia.